Chui Apeleka Watoto Maporomokoni

Paukwa!

"Pakawa."

Nyie, mbona mnaitikia kama mmenyimwa chai? Paukwaaa!

"Pakawaaa!"

Hapo sawa. Palikuwa na nini?

"Mlima!"

Na mlimani?

"Maji yanaanguka vuuu!"

Basi tegeni masikio, na wewe acha kumfinya mwenzio.

Bi Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, mkia hana lakini maneno anayo, alikuwa anawapeleka wanawe kuona maporomoko. Watoto wenyewe ni Chaurembo, Bakunja na kitinda mimba Kidoti. Si mbali, nyuma ya kilima tu. Lakini hata nyumbani hawajapaacha: "Mama, tumefika?"

Mara puu! Chui huyo, katua njiani.

"Leo nimepata! Nawala wote!"

Bi Pimbi akawatupia wanawe jicho. Kukimbia na wenye miguu mifupi? Haiwezekani. Akapiga magoti.

"Shikamoo, Bwana Chui. Kula tu, baba. Ila mtoto wa pimbi haliwi na vumbi lake, anasokota tumbo. Mwogeshe kwanza, maporomoko hayo hapo. Halafu asilie! Akilia tu, nyama yote inakuwa chungu kama shubiri."

"Hata chozi moja?"

"Hata kwikwi."

Chui kwa ulafi wake aliwataka wote, tena watamu. "Nitawapeleka mwenyewe," akasema.

Weee! Hawajafika mbali, Kidoti akakaa chini. "Mjomba, nibebe."

"Tembea!"

Kidevu cha Kidoti kikaanza kutetemeka. Chui akameza mate, akambeba.

"Mbona yeye tu?" Bakunja naye kidevu tete-tete. Chui akameza mate, akambeba.

"Mimi nataka ua lile," akasema Chaurembo. "Si hilo. Lile. Aa, sasa nataka lile la kwanza." Chui akameza mate, akalifuata, kisha na mwenye ua akambeba.

"Mjomba, tumefika?"

"Bado."

"Na sasa?"

"Bado!"

"Na sasa?"

Huyu anavuta sharubu, huyu anavuta masikio.

"Mjomba, nataka kukojoa," akasema Kidoti.

"Ngoja nikushushe..."

Chrrrr!

"Nimeshamaliza."

Nyuma yao Bi Pimbi anajiuma ulimi asicheke, ila jicho halibanduki kwa wanawe.

Wakafika. Vuuuu! Watoto majini, chubwi! chubwi! chubwi! "Mjomba, nawe ingia! Tena! Tena!" Chui akaingia, akalowa chapachapa. Walipotoka, wakampanda mgongoni wote. Watoto safi, wananukia. Chui akageuza shingo, akafunua kinywa... Lo! Wamelala fofofo.

"Amkeni niwale!"

"Shhh!" akasema Bi Pimbi. "Mtoto akikurupushwa usingizini anafanyaje?"

Chui akawaza. "Analia."

"Umeona? Twende kwangu, kuna kivuli. Wataamka wenyewe wanacheka."

Chui akanyata, nya-nya-nya, njia nzima. Ndege akiimba, Chui anamwambia shhh. Walipofika kwenye mwamba, Bi Pimbi akawashusha taratibu mmoja mmoja, akawaingiza kwenye ufa. Kisha mwenyewe chwii, ndani! Chui kutia kichwa, mashavu yakagoma.

"Nipe nyama yangu!" akanguruma, mwamba wote ukatikisika.

Vichwa vitatu vikachomoza ufani. "Mjomba Chui! Umekuja! Twende tena! Leo leo!"

Mama yangu! Chui alitoka mbio, hata mkia wake haukumfuata vizuri. Bi Pimbi akawakumbatia wanawe, akacheka mpaka akalia.

Ngano yangu nimeitua hapo, aliyesinzia amuulize jirani yake.

Na funzo lake, wajukuu zangu, ni hili: ukipelekwa matembezini, tulia. Usiulize mmefika, usitake kubebwa, na mkojo sema mapema. Mtoto msumbufu njiani hajawahi kumfaa mama yake hata siku moja.