Kompyuta Iliyotunza Kila Kosa

Hii imeshazunguka kwenye simu nyingi, na mimi nasema acha izunguke tena.

Palikuwa na msafisha picha mmoja pale Songea, jirani na stendi. Aliitwa Kasiani, fundi kwelikweli. Ila siku hiyo mambo mawili yalikuwa hayamwingii akilini. Kompyuta yake ilikuwa nzito ajabu, na mkewe Gaudensia alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja na begi, akisubiri basi la Mbinga. Hakuwa anakwenda kusalimia. Alikuwa anarudi kwao.

Kasiani akajifanya ana kazi. Kila akigusa uso wa bwana harusi kwenye picha, programu inaganda. Akaiongezea kumbukumbu. Wapi! Akafunga kila kilichokuwa wazi. Ndiyo kwanza ikazidi. Basi hamu ya kujua ikamshika, akasahau hata kwamba yeye na mkewe walikuwa wamenuniana. Akaingia kwenye mipangilio, akawa anapekua kimoja kimoja.

Gaudensia naye hawezi kuona jambo likampita. Akasogea, akaona namba kwenye skrini.

"Hiyo elfu moja ni ya nini?"

"Hatua za kurudi nyuma. Programu inatunza kila nilichofanya, ili nikikosea nirudi."

"Na wewe huwa unarudi hatua ngapi?"

Kasiani akafikiri. "Mbili. Nikizidi sana, tano."

"Sasa hizo nyingine zote unaibebesha za nini, maskini?"

Kasiani akapunguza, akaacha ishirini tu, akazima, akawasha. Heh! Programu ikawa nyepesi, na bwana harusi akatakata papo hapo.

"Kumbe!" akapayuka. "Kumbe ilichoshwa na makosa ya zamani!"

Gaudensia hakucheka.

"Kompyuta umeihurumia," alisema. "Mimi je? Juzi chumvi imezidi kidogo tu, ukaanzia kwenye wali niliowaunguzia wageni wako mwaka ule tulipooana. Ukateremka mpaka juzi, hukuruka hata kosa moja."

Kasiani aliona aibu, akatazama chini. Nje, honi ya basi ikalia. Gaudensia akabeba begi lake, akafika mlangoni, akageuka.

"Haya, niambie kwa mara ya mwisho. Ule wali ulikuwaje?"

Kasiani aliukumbuka. Aliikumbuka harufu, sufuria, hata mgeni aliyeisogeza sahani pembeni. Akafungua mdomo, kisha akaufunga.

"Wali upi?" aliuliza.

"Mwongo mkubwa wewe!" Gaudensia akacheka mpaka machozi yakamtoka, begi likamponyoka mkononi. Honi ikalia tena, basi likaondoka, na yeye akaingia ndani kubandika chai.

Funzo: Anayekusamehe si kwamba amesahau, ameamua tu kutolitunza kosa lako. Punguza unayowawekea watu moyoni, uone nyumba yako itakavyokuwa nyepesi.