Sketi Iliyoning'inia Ukutani

Ndugu zangu, leo nina kesi na fundi cherehani mmoja. Msigeukegeuke kumtafuta, hayupo humu, nimemtunga mwenyewe.

Kibanda chake kilikuwa jirani na shule ya sekondari ambayo wasichana wake huvaa sketi za zambarau. Kila Januari wazazi walimjia kwa mkupuo, na kila Januari kitambaa kiliadimika mjini kote kabla hajamaliza kazi. Novemba, mjane mmoja muuza mboga akamwendea. Binti yake alikuwa amepata nafasi pale, kidato cha kwanza. Mama akamsihi fundi anunue kitambaa mapema, aulize shuleni wanapokea wanafunzi wangapi, akumbuke alivyokwama mwaka jana. Fundi aliogopa kitambaa kisije kikamdodea. Lakini mnadhani alisema hivyo?

"Mama, ya Januari anayajua Mungu," akasema. "Njoo Januari."

Mama akaja, siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Shule imeshatangaza kwamba asiye na sare haingii. Mlangoni wazazi wamesongamana, fundi jasho linamtiririka, kitambaa hakuna. Mama akapenya na binti yake, macho ya mtoto mekundu kwa kulia.

"Nisamehe, mama," fundi akasema. "Ni mapenzi ya Mungu."

Mama alikuwa anatazama ukutani, ilikoning'inia sketi mpya ya zambarau, marinda yake yamenyooshwa kwa pasi.

"Ile ya nani?"

"Ya binti yangu. Naye anaanza kesho."

"Uliishona lini?"

Fundi akainama.

"Novemba," akasema.

Ndugu zangu, kwa hiyo alijua. Ya mtoto wake aliyapangia, ya watoto wa wenzake akamsukumia Mungu. Hili linanikasirisha, na linanikasirisha zaidi kwa sababu ni letu. Wewe mwenye duka la dawa, kila msimu wa mvua malaria inapanda na kila mwaka dawa zinakuishia. Wewe mfuga kuku, Krismasi imewahi kuhama tarehe? Mungu anatuonyesha Januari ile ile kila mwaka, sisi tunasema hatukujua.

Kesho asubuhi yule binti wa mjane atasimama nje ya geti. Akituuliza nani kamfungia, tutamtaja Mungu tena?