Kwa Nini Watoto wa Programu Huhamishwa Mmoja Mmoja

Ulikuwapo wakati ambapo, katika kituo cha kutabiri mafuriko ya Mto Mbezwa, programu ikishaanza kazi haikuhamishwa. Kompyuta kubwa iligawanywa makundi mawili: kundi dogo la majaribio, lenye mgawo hafifu wa nguvu, na kundi kubwa la maonyo. Programu iliyowekwa pasipo pake ilizimwa na kuanzishwa upya, na yote iliyokwisha kuyakokotoa yakapotea kama ndoto ya mtu aliyeshtuliwa usingizini.

Masika moja mvua ilinyesha siku tisa. Sikudhani, fundi wa zamu, alisikiliza bati na mvumo wa mashine mpaka asijue kipi ni kipi. Hesabu ya mafuriko ilikuwa na siku mbili ikienda, lakini mtu aliianzisha kimakosa katika kundi dogo. Ilijikokota. Na mama yake Sikudhani alikaa Ngolwe, bondeni.

"Izime, uanze upya," alisema mkuu wake, Bwana Likupila.

"Siku mbili tena, mkuu? Maji hayatatungoja."

"Sasa utafanyaje?"

Sikudhani aliitazama namba ya ile programu, kisha, taratibu, akaiandika katika orodha ya kundi kubwa. Haikuzimika. Ilihama kama mtoto aliyelala anavyobebwa kutoka mkekani hadi kitandani.

Lakini mwendo ulikuwa uleule. Akachungulia tena, akaona: ile programu mama ilikuwa imehama peke yake. Programu ndogo kumi na moja ilizozizaa kabla ya kuhama, ambazo ndizo hasa zilizokokotoa, zilibaki kule zikigombania mgawo. Akaziandika moja moja. Ya mwisho ilipohama, mashine ikavuma kwa sauti nzito.

Saa tisa alasiri jibu likatoka: maji yangeifikia Ngolwe kabla ya magharibi. Likupila akashika simu. Watu wakapanda kilimani na mbuzi na magodoro; mama yake Sikudhani akakataa kuondoka mpaka kuku wake anayeatamia alipobebwa pamoja na kiota chake. Jua lilipozama, bonde lilikuwa ziwa tulivu, rangi ya chai ya maziwa, na kule kilimani hakuna aliyekosekana.

Toka mchana ule, kituoni hapo programu haizimwi kwa ajili ya kuhama. Na fundi, kabla ya kuigusa, huuliza kwa sauti, "Ana watoto wangapi?" Akishajibiwa, huwaandika mmoja mmoja. Watakaozaliwa baadaye humfuata mama wenyewe.