Mponda Kokoto Aliyeenda Kupimwa Mapafu Peke Yake

Amkeni huko nyuma, maana mfano huu mkiukosa hamtaupata kwa mhubiri mwingine yeyote. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini lile la zamani, ukilipima leo ni vyuo vikuu vitatu na chenji inabaki.

Palikuwa na mponda kokoto mmoja. Mzee. Alikuwa amevunja mawe miaka thelathini, vumbi alilovuta ungeweza kujengea ghorofa, na juu ya vumbi akavuta sigara. Mke alishafariki, watoto hakujaliwa. Alikuwa anasonga ugali mdogo kama ngumi ya mtoto, halafu anaiambia redio, "Karibu tule." Redio inasoma habari. Anakula.

Alikuwa na kikohozi. Akikohoa, kuku wa kata ya pili wanahama! Daktari wa zahanati akamwandikia karatasi: Jumanne, hospitali kubwa mjini, akapigwe picha ya mapafu kwenye ile mashine, ili kama kuna ugonjwa waukute ungali mdogo. Akaambiwa, "Njoo na mtu."

Jumanne akaenda. Jamani, benchi la hospitali mnalijua. Mgonjwa mmoja, ndugu sita, chupa ya chai, hotpoti, mto. "Mzee, sogea kidogo, tuko wengi." Akasogea. "Kidogo tena, baba." Akasogea mpaka benchi likaisha, akasimama.

Nesi akatoka. "Mzee, umekuja na nani?"

"Nimekuja na mimi."

"Hapana, baba. Hapa majibu hatumpi mtu akiwa peke yake. Rudi Jumanne ijayo na mtu."

Jumapili akasimama kanisani kwake, si hapa kwetu, msianze kutazamana. Akasema, "Wapendwa, naomba mtu mmoja wa kunisindikiza Jumanne." Kiongozi wa kwaya akasema, "Jumanne tuna mazoezi." Mzee wa kanisa akasema, "Mimi nina kikao cha kamati. Lakini tutakuombea!" Na wakaomba kweli. Waliomba mpaka misumari ya bati ikaanza kutoka yenyewe!

Jumanne akarudi hospitali na yale maombi. Nesi akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Mtu wako yuko wapi?"

Mzee akatazama benchi. Angesema amekuja na maombi? Maombi yanakaa benchi?

Nesi akamhurumia. "Basi niandikie jina na namba ya mtu mmoja wa kumpigia. Mmoja tu, baba. Ukikosa, nafasi hii nampa mwingine, na foleni imefika mwezi wa tisa."

Mzee akashika kalamu. Ndugu zangu, mtu aliyeinua nyundo ya kilo nane miaka thelathini, kalamu ikamshinda! Mwisho akaandika jina la jirani yake, mama muuza komoni. Ndiyo, pombe. Yeye na mama yule walikuwa wakigombana kila asubuhi juu ya uzio: "We mzee, kikohozi chako kinanifukuzia wateja! Dawa umekunywa au umeipanda?"

Nesi akapiga, simu kaiweka sauti ya nje. "Mama, wewe ni nani wake huyu mzee?"

"Huyo mkohozi? Kafanya nini? Kafa?"

"Hajafa. Yuko hapa kwenye kipimo, peke yake."

Mzee anaangalia vidole vya miguu.

"Peke yake? Huyo mzee ana akili kweli? Mwambie asitoke hapo. Nafunga kilabu."

Akaja na aproni yake, ananuka komoni tangu getini. Akafika kwenye lile benchi. "Sogeeni! Mgonjwa wetu akae." Watu wakasogea, mzee akakaa. Akapigwa picha. Wakakuta doa dogo kama punje ya mtama, likakatwa. Mzee yupo, anadunda.

Habari zikafika kanisani. Wakaenda ujumbe mzima, nyuso zimevimba kama maandazi. "Mzee, umetuaibisha. Miaka kumi na tisa unasali nasi, unaandika muuza pombe? Namba zetu huna?"

Mzee akasema, "Ninazo zote. Niliogopa mtapigiwa, mtaulizwa 'wewe ni nani wake', na mimi nimesimama pale nasikia mnavyojibu."

Mbona mmenyamaza? Mlikuwa mnacheka sasa hivi.

Sisi tunajua kuimba. Tunajua kukemea komoni. Lakini mtu akiogopa hata kuandika jina langu, mimi nimemhubiria nini miaka yote hiyo? Yule mama hakujua mstari hata mmoja, lakini alijua kama jirani yake amekunywa dawa. Wewe uliyeketi hapo, mwenzako wa kulia amelala vipi jana? Unajua? Au unajua nguo yake tu?

Na karatasi za kipimo ziko humu humu, nyingine ziko ndani ya Biblia, zimekunjwa mara nne kwa sababu mwenyewe hana wa kwenda naye. Tukitoka, msinifuate kunisifia, mimi najijua ni mtamu. Mfuate yule anayeondokaga haraka peke yake, umuulize mambo matatu tu: Siku gani? Saa ngapi? Nikukute wapi?

Halafu uende.