Jogoo wa Kisanduku cha Arobaini

Hapo zamani, si zamani sana, kuku walipoanza kutotolewa kwa umeme, Bi Saumu alibakiwa na mayai tu ya kuku wake wa kuchi, mbegu aliyoachiwa na mamake. Kuku mwenyewe kicheche alishamla. Mayai yakiharibika, mbegu imekwisha. Basi akatangaza: "Atakayeniokolea mayai haya, jogoo wa kwanza ni wake!"

Mjukuu wake Athumani akaunda mashine ya kutotolesha, akaitia kompyuta ndogo, akaiandikia maagizo kwa lugha ya asembli, ile ya kuielekeza kompyuta kitendo kimoja kimoja. "Bibi, hii ina mikono michache, ndiyo rejista, na visanduku vingi vya kumbukumbu, kila kimoja na namba yake. Joto la mayai linawekwa kwenye kisanduku cha arobaini. Mkono unalichukua, unalipima. Likizidi nyuzi thelathini na nane, taa inayoyapasha inazimwa."

"Haya, fundi wangu," akasema Bi Saumu, moyo ukatulia.

Asubuhi akagusa yai. Baridi! Taa imezimwa, na mashine inadai joto ni arobaini. "Mama yangu wee! Arobaini gani hii?"

Mumewe, Mzee Shee, hakungoja maelezo. Akayakusanya mayai, akajilaza nayo chini ya blanketi, hata kukohoa akaogopa. "Atakayecheka tutakosana!"

Riziki, dada yake Athumani, akayasoma maagizo mstari kwa mstari, akiangalia kila mkono umeshika nini. Jua likapanda. Mara akapiga kofi. "Kaka wewe! Umeuambia mkono ushike arobaini yenyewe, hukuuambia ufungue kisanduku cha arobaini uchukue kilichomo! Umetumwa chumvi kwa jirani, umerudi na namba ya mlango!"

Athumani akaona haya, lakini akausahihisha mstari ule. Taa ikawaka, mayai yakarudishwa, na siku zilipotimia, vifaranga hao! Bi Saumu akalia kwa furaha. Walipokua, wote wakawa mitetea, isipokuwa jogoo mmoja tu.

"Wangu," akasema Athumani. "Bila mashine yangu wangetotolewa wapi?"

"Mashine yako ilikuwa inawaua!" akadakia Riziki. "Kosa nimeliona mimi. Wangu."

"Na mlipokuwa mnasomasoma," akasema Mzee Shee, "nani alikuwa akiatamia? Mgongo unaniuma mpaka leo!"

Bi Saumu akamkumbatia jogoo, akawatazama. Wote watatu ni watu wake, wote wanakula sinia moja naye, na atakayekosa atanuna mwaka mzima. Haya, nyinyi mnaocheka hapo, msaidieni mama wa watu: je, nani alistahili?