Ofisi ya Kifaru Ilivyoliwa

Paukwa.
— Pakawa.
Paukwa kiti.
— Pakawa cha bosi.
Kikitikisika?
— Tumekaa chini, hatuanguki.

Mnaitika kama wagonjwa, lakini nitawasamehe. Ngano hii hakuna anayeisimulia kunishinda mimi. Anayebisha asimame tumwone. Haya, hakuna. Twende.

Hapo kale Kifaru alikuwa bosi. Wanyama walimchambulia mbegu: nzima huku, mbovu kule, nzima huku, mbovu kule. Yeye hakuchambua hata moja, maana macho yake ni kama ya kuazima. Haoni hata pembe iliyo juu ya pua yake mwenyewe.

Ukaja mwaka wa upele. Ofisi nzima kwaru, kwaru, kwaru. Kifaru akaogopa, akatangaza: "Kila mtu ajikunie kwake, na kazi aifanyie kwake."

Wakaenda. Kanga akachambua huku ameatamia mayai. Nguchiro akachambua mlangoni pa shimo lake, mkono kwenye mbegu, jicho moja kwa watoto wake wachanga, jicho la pili kwa Swila, yule nyoka aliyehamia jiwe la jirani. Na kila jioni makapu yalimfikia bosi yamejaa pomoni.

Upele ukaisha. Watu wakafurahi, Kifaru akanuna. Mnajua kwa nini? Tumbo. Zamani, ikifika saa saba mchana, alipita meza kwa meza. Na adabu zetu mnazijua: mtu akikukuta unakula, unamwambia karibu, naye, kama kalelewa, anajibu, "Ahsante, endeleeni." Jibu hilo Kifaru hakufundishwa. Ukisema karibu, anakaribia. Pua fyo, fyo. Mdomo nyam, nyam. Sahani imebaki nyeupe. Sasa sahani zote ziko majumbani kwa watu, mzee mzima anashindia nyasi.

Akatangaza tena: "Kufanyia kazi nyumbani mwisho. Wote ofisini. Na ofisi nimeihamisha, iko ng'ambo ya mlima." Ilikuwa imeshahama mara nyingi hata Kanga alichoka kuhesabu. Hii mpya ilikuwa nguzo za miti, kuta za miti, paa la miti.

Nguchiro akaupanda mlima, akaushuka, akafika anahema.

"Bosi, mbegu zinafika au hazifiki?"

"Zinafika."

"Zina kasoro?"

"Hazina."

"Sasa tunarudi kufanya nini?"

"Niwaone. Nisichokiona hakifanyi kazi," akasema Kifaru, akiliangalia gunia kwa ukali.

"Mimi niko huku, Bosi."

"Najua," Kifaru akaliambia gunia.

"Nina watoto wachanga, mzee wangu. Na jirani yangu ni Swila."

"Tafuta yaya."

"Aliyejitokeza ni Swila mwenyewe."

"Basi umeshapata. Kesho usichelewe."

Siku ya kwanza Nguchiro alikwenda. Jioni akarudi mbio, akamkuta Swila kajikunja mlangoni pa shimo.

"Nimekuja kuwasalimia watoto tu, jirani," akasema Swila. "Wamenona, mashallah."

Asubuhi Nguchiro akamfuata bosi mapema.

"Bosi, amri yako haijatimia. Kuna watu bado wanafanyia kazi nyumbani. Chini ya ardhi, tena gizani. Hujawaona hata siku moja."

"Nani hao?"

"Mchwa."

Pua ya Kifaru ikapanda moto. "Wana chakula?"

"Hao? Wanakula kutwa."

"Waje. Wote, mpaka bibi zao. Kazi yao waifanyie hapa, mbele yangu."

"Kazi yao, hapa. Kanga, umesikia?"

"Nimesikia, shoga."

Nguchiro akaenda kwenye kichuguu, akapiga hodi. "Bosi anawaita kazini. Jengo lote ni miti, mikavu, laini."

Malkia wa mchwa akalamba midomo. "Tutakuja na watoto," akasema.

Wakaja. Mstari ulianzia kichuguuni ukafika mlangoni, na nyuma bado wanatoka. Kifaru akasimama pale akikaribisha hewa: "Karibuni, karibuni." Na mchwa si watu wa kukaribishwa mara mbili. Kru, kru, kru.

"Mnasikia?" Kifaru akawaambia wengine. "Hiyo ndiyo sauti ya kazi. Nyie mmekaa kimya kama mko msibani."

"Kweli Bosi," akasema Nguchiro. "Ngoja tuwapishe, tuhamie nje." Wakatoa makapu, wakakaa uwanjani. Ndani, kru, kru, kru.

Ikafika saa saba. Kifaru akaingia na njaa yake.

"Karibu Bosi," wakasema mchwa, vinywa vimejaa.

Akakaribia. Pua fyo, ikavuta vumbi la mti. Akaegemea nguzo, akapiga chafya: chyaaa. Nguzo ikasema kacha. Ukuta ukasema kacha. Paa halikusema kitu, lilikuja tu. Puuu.

Vumbi lilipotulia, Kifaru alikuwa amekaa na kipande cha mlango kwenye pembe.

"Ofisi iko wapi?"

"Imeliwa, Bosi," akasema Kanga.

"Na nani?"

"Na wafanyakazi. Ulisema waje na kazi yao."

"Tuihamishie wapi sasa?" akauliza Nguchiro, kwa adabu kabisa.

Kifaru akakohoa. Akajinyoosha. "Nimelifikiria jambo hili muda mrefu," akasema. "Kwa kuwa nawajali, kuanzia leo kila mtu afanyie kazi kwake. Ni wazo langu."

Wakampigia makofi, pa, pa, pa. Nguchiro hakungoja makofi. Alikuwa ameshaupanda mlima, ameshaushuka, na alimkuta Swila ameingiza kichwa shimoni, mkia uko nje. Akaushika mkia. Jioni ile kwa Nguchiro hapakutafutwa mboga nyingine.

Funzo? Lipo, lishikeni wenye ajira: mtii bosi wako neno kwa neno, usipunguze hata moja. Hakuna aliyemwasi Kifaru siku ile.

Ngano yangu imefika ukingoni, mimi sivuki nayo. Kama ilikuwa tamu, ni yangu. Kama ilikuwa chungu, mmesikiliza vibaya.