Jina Moja la Kumpelekea Mama Siwema

Mnaniona hivi, na kidato cha pili nilichokiacha katikati, mnadhani chuo nimekisikia redioni. Thubutu! Chuo nimekiona kwa macho haya mawili, na la tatu la kisogoni. Habari hii hakunisimulia mtu. Nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho, karibu kuliko mwalimu, karibu kuliko ng'ombe wenyewe. Ninyi mnaofunga mabegi kwenda mwaka wa kwanza, wekeni simu chini, sogeeni hapa.

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, simu zilipoanza kuwa na tochi, kulikuwa na chuo cha mifugo huko nyanda za juu. Baridi ya huko, ukipiga chafya inaganda, unaiokota chini. Kwenye chuo hicho akafika binti anaitwa Tumpale, ametoka Kyela kwenye joto na mpunga. Mama yake alimfungashia ndoo, pasi, godoro, na mchele wa kulisha kikosi cha jeshi. Tumpale aliwahi siku mbili, akapata kitanda hosteli.

Siku ya kwanza darasani akakaa na binti wa Kasulu, Siwema. Msichana mwembamba, mcheshi, mkononi ana kikombe chekundu cha bati utadhani kazaliwa nacho. Siwema yeye alichelewa siku moja. Moja tu! Hosteli imejaa. Akapanga chumba cha uani nyuma ya mashine ya kusaga, mahali ambapo hata ukipiga yowe, mashine inalimeza. Kwa hiyo wahini, nyie. Mimi sijasoma, lakini hilo najua.

Jioni ile akaja hosteli dada wa mwaka wa pili, Mageni, kuwafunda wageni wote, hata waliopanga mtaani. Akapanda juu ya kitanda, mikono kiunoni.

"Watoto wa mama, karibuni! Hapa chuo ni karatasi. Mwalimu haoni sura, anaona saini. Mwenzio akikwama, unafanyaje?"

"Tunamsubiri?" Tumpale akauliza.

"Mnamsubiri! Nyie, huyu katoka wapi huyu? Unamsainia! Asiyemsainia mwenzie ni mchawi."

Wakacheka mpaka bati likatingishika. Siwema akamfinya Tumpale: "Umesikia? Usije ukaniloga."

"Na wewe usiniloge, dada."

Hapo chuoni kulikuwa na matroni, Mama Kitinya. Kila jioni anakagua karatasi za mahudhurio. Ukikosa siku mbili, hata kama umepanga mtaani, anakuja kugonga mlango: mfuko mmoja dawa, mfuko mwingine kofi. Vyote viwili alikuwa anavitoa bila ubahili.

Na getini kulikuwa na muuza uji anaitwa Sombi. Jamani, uji wa Sombi! Mwiko ukiusimamisha unasimama wima, unaweza kufungia bendera. Na kichwa chake sasa! Wanachuo mia nne, anajua kila mmoja na sukari yake. Siwema alikuwa anaacha kikombe chake pale pale, kwenye msumari. Kila asubuhi akifika anasema, "Sombi, nitilie mpaka kiseme basi."

Na asubuhi mwaka wa kwanza wana kazi moja. Kabla ya darasa wanasimama kwenye hori na daftari. Ng'ombe asiyekuja kula anaandikwa, na mwalimu anaitwa hapo hapo. Ng'ombe wenyewe elfu moja. Haya, arobaini. Lakini hakuna hata mmoja aliyekosa mlo bila kuandikwa.

Sasa ikaja wiki ya mvua. Jumatatu Tumpale akapata ujumbe: *Nisainie leo, kichwa kinauma kidogo. Usimwambie matroni, ataniletea kelele.* Tumpale akasaini. Mchawi si yeye.

Jumanne akauliza, "Unaendeleaje?" Jibu likaja: *Nafuu. Nisainie tena.* Akasaini.

Jumatano akapiga, simu haipatikani. Akajisemea, mvua imekata umeme, chaji imeisha. Akasaini.

Alhamisi simu haipatikani. Akasaini, na safari hii saini ya Siwema ikatoka nzuri kuliko yake mwenyewe. Jioni akavaa buti aende kumwona. Mageni akamkuta mlangoni.

"Unakwenda wapi na tope lote hili?"

"Kwa Siwema, dada. Simu yake imezima tangu jana."

"Huyo amelala. Mwaka wa kwanza wote mnalala, hata mimi nililala wiki nzima. Kesho una mtihani, kaa usome. Ukifeli utamwambia nini mama yako, ulikuwa unaangalia mtu aliyelala?"

Tumpale akavua buti. Alilivua la kulia, akakaa, akalivua la kushoto. Mpaka leo anasema lile la kushoto lilikuwa gumu kutoka.

Ijumaa asubuhi akasimama kwenye hori na daftari lake. Mvuke unapanda kwenye pua za ng'ombe. Akahesabu, mmoja hayupo. Akaandika: *Namba kumi na saba hajaja kula. Siku ya kwanza.*

Kalamu ikasimama. Akaisoma tena. Siku ya kwanza.

Akatupa daftari ndani ya hori, akakimbia. Alipita getini kama risasi, kwenye tope hakuacha nyayo. Mlango wa Siwema umefungwa kwa ndani. Akagonga, akaita, mashine inanguruma. Akakimbilia kwa wasagaji, wakaja weupe kwa unga, wakaupiga bega.

Siwema alikuwa sakafuni karibu na ndoo. Ndoo kavu. Anapumua, lakini hajijui.

Malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. Wiki tatu hospitali, na hapo sitii chumvi, zilikuwa tatu kweli. Akapona. Tumpale alipokwenda kumwona akamwita, "Siwema!" Siwema anaangalia dirishani. Akamwita tena, akamgusa bega. Siwema akageuka, akatabasamu, akaanza kumwangalia midomo. Masikio yalikuwa yamekwenda, na madaktari walisema hayarudi.

Baba yake akaja kuchukua vitu vyake. Mzee Ntahondi, mtu mrefu, koti la mvua, kofia mkononi. Akakaa kwenye benchi la Sombi pale getini, sanduku na godoro la mwanawe pembeni. Akaomba kitu kimoja: zile karatasi za mahudhurio. Mama Kitinya akamletea. Mzee akapitisha kidole polepole.

"Jumatatu, yupo. Jumanne, yupo. Jumatano, yupo. Alhamisi, yupo." Akainua macho. "Alhamisi mwanangu alikuwa hajijui. Sasa huyu aliyekuwepo ni nani?"

Uji tu ndio ulikuwa unasema kwenye sufuria.

"Sikuja kugombana," mzee akasema. "Mama yake kaniambia nisirudi bila jina. Anataka jina moja tu. Anasema hawezi kulia na karatasi."

Tumpale akapiga magoti kwenye tope. "Ni mimi, baba. Mkono huu ndio ulisaini siku nne. Matroni angemfuata tangu Jumanne ile ile. Mimi nilimzibia njia. Peleka Tumpale."

Mageni akamvuta bega. "Inuka. Huyu ni mtoto, mzee, alikuja hapa hajui kitu. Nilimfundisha mimi, juu ya kitanda, na watu wakacheka. Na Alhamisi alishavaa buti, nikamvua kwa mdomo wangu. Peleka Mageni."

"Nilivua mwenyewe, dada!"

"Nyamaza, mdogo wangu."

Mama Kitinya alikuwa amesimama, mikono kwenye ile mifuko yake miwili. "Miaka kumi na tisa nalea watoto wa watu hapa. Macho ninayo, miguu ninayo. Karatasi iliniambia yupo, nikaiamini kuliko macho yangu. Sikumwona siku nne na sikujiuliza kitu. Hawa ni watoto, mzee wangu. Mimi ndiye niliyepewa kuwatunza. Peleka Kitinya."

Mzee Ntahondi akatoa daftari kwenye koti. Siku hizo walikuwa wanaongea na mwanawe kwa kuandika. Akalifungua, akalishika juu waone. Mwandiko wa Siwema, na S zake zinazoanzia chini: *Baba, usimsumbue mtu. Niliomba mwenyewe.*

"Hili nalo ni jina," akasema. "Lakini hili siwezi kumpelekea mama yake."

Sombi muda wote anakoroga uji. Hajaulizwa, hajasema. Yule mwenye kichwa cha wanachuo mia nne, aliyekiona kile kikombe chekundu kimening'inia Jumatatu, kimening'inia Jumanne, kimening'inia Jumatano, na Alhamisi buibui ameanza kukifungia utando. Alikiona! Akanuna. Akajua binti kapata uji mwingine mahali, uji mzuri kuliko wake, akasema moyoni, aende zake. Basi.

Mzee akasimama kubeba sanduku, akakiona kikombe kwenye msumari.

"Na hiki?"

"Cha mwanao, mzee," Sombi akasema. Zaidi ya hapo hakusema neno.

Mzee akakigusa kwa kidole. "Baki nacho," akasema. Akabeba sanduku, Tumpale akabeba godoro, wakashuka barabarani.

Sasa ninyi wenye vyeti vizito mpaka ukuta unapinda, nisaidieni mimi nisiyefika kidato cha tatu. Yuko aliyesaini kwa upendo. Yuko aliyefundisha kwa utani. Yuko aliyeamini karatasi. Yuko aliyeomba mwenyewe afichwe. Na yuko aliyeona kikombe akanuna. Njia ya Kasulu ni ndefu na mama anasubiri mlangoni. Je, jina la nani lilistahili kupelekwa?

Msijibu haraka. Kuna kitu kimoja nimekitunga. Si baridi, baridi nimeipunguza. Ni Sombi. Hakuna mtu aliyewahi kuitwa Sombi pale getini, hilo jina nimeliokota njiani nikija. Muuza uji alikuwa mimi.

Kile kikombe kiko pale ukutani, mmekiona wote mlipoingia. Naomba msikinywee.

Haya, semeni sasa. Jina la nani?